Kula Baada ya Kisu: Kaakaa Bandia, Mrija na Tonge katika Historia ya Upasuaji wa Saratani ya Kinywa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya kinywa walivyokabiliana na ugumu wa kula, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwishoni mwa karne ya 20. Visa viwili vilivyoandikwa kwa kina vinatumika kama msingi: cha Rais Grover Cleveland wa Marekani (1893) na cha Sigmund Freud wa Vienna (1923–1939). Hoja kuu ni kwamba historia ya tiba hii imeandikwa kwa kuhesabu uvimbe uliotolewa na miaka iliyoongezwa, ilhali kazi ya kumrudisha mgonjwa mezani ilifanywa kwa kiasi kikubwa na watu wanaotajwa pembeni tu katika kumbukumbu za upasuaji, yaani waganga wa meno, wauguzi na jamaa wa nyumbani.

1. Utangulizi

Kumeza ni tendo ambalo mtu mzima mwenye afya halifikirii. Midomo hufumba, meno husaga, ulimi hukusanya kilichosagwa na mate ukakifanya tonge, kisha hulibana tonge hilo kwenye kaakaa gumu na kulisukuma nyuma. Hapo kaakaa laini hunyanyuka kuziba njia ya pua, zoloto hupanda na kufungwa ili chakula kisiingie njia ya hewa, na umio hufunguka. Sehemu ya mwisho ya mfuatano huo, ile ya kooni, huchukua takribani sekunde moja.

Upasuaji wa saratani ya kinywa huondoa kiungo kimoja au zaidi katika mfuatano huu, na kila kiungo kinachoondolewa huacha ugumu wake. Kaakaa likitobolewa, uji hutokea puani. Taya la chini likikatwa, meno ya juu na ya chini hayakutani. Ncha ya ulimi ikiondolewa, chakula hubaki mashavuni bila wa kukikusanya. Shina la ulimi likiondolewa, mgonjwa hupaliwa, na akipaliwa mara kwa mara chakula huingia mapafuni na kuleta homa ya mapafu. Mionzi inapoongezwa juu ya kisu, mate hukauka na misuli ya taya hukakamaa hata kinywa kisifunguke kwa upana wa kijiko.

Licha ya uzito wa mambo haya, wasimulizi wa historia ya upasuaji wameyapa nafasi ndogo. Swali lao la kawaida ni iwapo saratani ilirudi. Hilo ni swali la haki, hasa kwa nyakati ambapo wagonjwa wengi walikufa ndani ya miezi michache. Hata hivyo, kwa mgonjwa aliyenusurika, swali la pili lilijitokeza mara tatu kwa siku.

Vifaa vya kujibu swali hilo vilikuwepo kabla ya upasuaji wenyewe kuwa salama. Katika karne ya 16 Ambroise Paré wa Ufaransa alieleza vibamba vya dhahabu au fedha vya kuziba matundu ya kaakaa, vingine vikishikiliwa na kipande cha sifongo kilichovimba kwa unyevu wa pua. Matundu aliyoyakusudia yalitokana zaidi na kaswende na risasi kuliko saratani. Mwishoni mwa karne ya 18, John Hunter wa London alimlisha mgonjwa aliyepooza misuli ya kumezea kwa mrija wa ngozi ya mkunga, akimpitishia mayai yaliyopigwa, maziwa, sukari na divai hadi tumboni. Kibamba na mrija: njia hizi mbili ndizo zilizotawala hadi katikati ya karne ya 20, na tofauti kati yake ni ya msingi kwa hoja ya makala haya. Ya kwanza humwezesha mgonjwa kula. Ya pili humlisha.

2. Kaakaa la mpira: Marekani, 1893

Kisa cha Cleveland kinajulikana zaidi kwa usiri wake. Tarehe 1 Julai 1893, ndani ya boti ya anasa iitwayo Oneida iliyokuwa mali ya rafiki yake Elias Benedict, kundi la madaktari likiongozwa na Joseph Bryant lilimwondolea rais sehemu kubwa ya taya la juu la kushoto. Kazi yote ilifanyika kupitia kinywani ili pasibaki kovu usoni wala sharubu zisinyolewe. Nchi ilikuwa katika mtikisiko wa fedha, na rais alikuwa ameliita Bunge likutane tarehe 7 Agosti kujadili sheria ya ununuzi wa fedha ya madini. Iliaminika kwamba habari za saratani zingeongeza hofu sokoni. Tarehe 17 Julai alirudishwa botini kwa upasuaji mdogo wa pili.

Aliyemwezesha rais kujitokeza tena hadharani alikuwa mganga wa meno wa New York, Kasson Gibson, aliyetengeneza kizibo cha mpira uliopikwa ukawa mgumu na kukipachika mahali palipokuwa na kaakaa. Mwandishi wa habari E. J. Edwards alipofichua upasuaji huo tarehe 29 Agosti, alikanushwa na kudhihakiwa; ukweli ulithibitishwa mwaka 1917 tu, pale daktari W. W. Keen, mmoja wa waliokuwamo botini, alipochapisha masimulizi yake. Cleveland alikuwa amefariki mwaka 1908, na saratani haikuwahi kurudi.

Kinachostahili kuangaliwa ni kipimo ambacho Keen alikitumia kuupima ufanisi wa kizibo, nacho ni sauti. Bila kizibo, maneno ya rais hayakueleweka; akiwa nacho, alisema vizuri kabisa. Mezani hakuangaliwi. Ni rahisi kuelewa sababu: rais aliyeongea kama kawaida aliweza kukana kila kitu, ilhali namna alivyokula nyumbani kwake Gray Gables haikuwa siri ya dola. Kwa hiyo kifaa kilekile kilichoziba njia ya chakula kwenda puani kiliingia katika historia kama kifaa cha kuongelea. Upendeleo huu wa sauti dhidi ya chakula utaonekana tena Vienna, japokuwa huko kumbukumbu ni nyingi kiasi kwamba meza haikuweza kufichika.

3. Zimwi la Berggasse: Vienna, 1923–1938

Sigmund Freud alikuwa na umri wa miaka 66 alipofanyiwa upasuaji wa kwanza mnamo Aprili 1923. Operesheni hiyo haikutosha. Mnamo Oktoba mwaka huohuo alikabidhiwa kwa Hans Pichler, na huu ulikuwa uamuzi wenye matokeo ya muda mrefu, kwani Pichler hakuwa mpasuaji wa kawaida. Alikuwa amesomea tiba ya meno Chicago kwa G. V. Black, na Vita Kuu ya Kwanza ilimpa uzoefu wa mataya yaliyovunjwa kwa risasi. Katika hatua mbili za mwezi huo, kwa ganzi na dawa za kutuliza tu, aliondoa sehemu kubwa ya taya la juu la kulia, sehemu ya taya la chini, kaakaa laini la upande huo, pamoja na utando wa shavu na wa ulimi. Kwa siku kadhaa mgonjwa hakuweza kusema, na alilishwa kwa mrija wa puani. Novemba alipasuliwa tena baada ya darubini kuonyesha mabaki ya saratani.

Baada ya hapo kinywa na pua vikawa pango moja. Pichler alitengeneza kaakaa bandia, mfano wa seti ya meno iliyokuzwa kupita kiasi, ili kuvitenganisha. Nyumbani kifaa hicho kilipachikwa jina la zimwi. Ernest Jones, mwandishi wa wasifu wa Freud, ameeleza tatizo lake kwa uwazi ambao haujapitwa na waandishi wa baadaye. Ili kuziba pango na kuruhusu kula na kusema, kaakaa hilo lilipaswa kubana. Likibana, lilichubua na kutia vidonda hadi lisivumilike. Likitolewa kwa saa chache ili vidonda vipumue, nyama za kinywa zilisinyaa na kifaa hakikuingia tena bila kurekebishwa. Kati ya maumivu ya kulivaa na hasara ya kulivua hapakuwa na nafasi ya kupumzika, na hali hiyo ilidumu miaka 16.

Ugumu mwingine ulikuwa mlangoni. Taya lililokakamaa halikufunguka vya kutosha, na kifaa kikubwa kilipaswa kupita hapo kutoka na kuingia. Jones anasimulia siku ambayo Freud na binti yake Anna walihangaika kwa nusu saa bila mafanikio, mpaka mpasuaji akaitwa. Jambo hili si dogo kama linavyosikika. Kaakaa lisilokuwepo mahali pake lina maana kwamba hakuna kunywa bila kinywaji kutokea puani, wala hakuna chakula cha kutafuna. Mlo wa siku ulitegemea kazi ya mikono minne ambayo huenda ingefaulu au isifaulu.

Anna alikuwa na umri wa miaka 27 wakati huo. Tangu mwanzo baba yake aliweka naye mapatano: asionyeshe huruma wala huzuni, na kila kinachohitajika kifanywe kwa ubaridi wa daktari wa upasuaji. Alikuwa muuguzi wake hadi mwisho. Wasifu mwingi wa Freud husoma mapatano haya kama habari ya tabia yake, ujasiri na kuchukia kwake kuonewa huruma. Usomaji huo haukosei, ila unaacha upande wa kazi. Kumtoa na kumvisha mtu kaakaa, kukisafisha kifaa na kulisafisha pango, ni huduma ya kila siku inayohitaji mkono usiotetemeka, na mapatano yalihusu mkono huo kama yalivyohusu moyo. Pichler aliandika maelezo ya kila ziara, na maelezo hayo yamehifadhiwa na kuchapishwa. Kazi ya Anna haina daftari. Inaonekana tu inaposhindikana, kama siku ile ya nusu saa.

Kuhusu chakula chenyewe, Jones anasema kwamba kula kulikuwa taabu na Freud hakupenda tena kula mbele ya watu. Sentensi hiyo imepita haraka katika wasifu, ikifuatiwa na habari za mihadhara iliyokoma na sikio la kulia lililopoteza usikivu, hata kochi la wagonjwa likabidi kuhamishiwa upande wa pili. Inafaa kuirudia. Chakula cha mchana cha familia hiyo, saa saba kamili, kilikuwa mhimili wa siku, na wageni wa kutoka nje walikaribishwa hapo. Mtu aliyejenga nidhamu nzima ya kitaaluma kwa mazungumzo aliweza, kwa shida, kuendelea kuzungumza na wagonjwa faraghani. Meza ya wageni ndiyo aliyoiacha. Kati ya viwili ambavyo kinywa hufanya, kusema kulitetewa kwa gharama yoyote, na kula kukarudi nyuma ya mlango. Ikumbukwe pia kwamba kulikuwa na tendo la tatu. Freud hakuacha sigara, na kuvuta kulihitaji kaakaa lizibe vema kama kula. Haieleweki vizuri madai yake ya mara kwa mara ya kifaa bora ikiwa sigara itasahaulika.

Kutafuta kifaa bora kulimpeleka mbali. Mwaka 1928 alikwenda Berlin kwa Profesa Schroeder, aliyemtengenezea kaakaa jipya lenye nafuu, ingawa si kamilifu. Mwaka 1931 Varaztad Kazanjian wa Harvard, ambaye naye alikuwa amejipatia sifa kwa majeruhi wa mataya wa Vita Kuu ya Kwanza, alikuja Vienna na kufanya kazi katika maabara ya Pichler. Hata hilo halikumaliza tatizo. Sababu haikuwa uhaba wa ustadi. Kila operesheni ndogo, na zilikuwa zaidi ya 30 kwa jumla, ilibadilisha umbo la pango, na kaakaa la jana halikulingana tena na kinywa cha leo. Mpasuaji alipofaulu kuondoa doa lililotiliwa shaka, alivuruga kazi ya fundi, na katika kisa hiki mpasuaji na fundi walikuwa mara nyingi mtu yuleyule.

Freud alihamia London mwezi Juni 1938, na Septemba Pichler alisafiri kumpasua huko. Mapema mwaka 1939 saratani ilirudi mahali ambapo kisu hakikuweza kufika. Alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huo, akiwa anakula kidogo mno.

4. Mrija, au kulishwa

Sarufi ya Kiswahili inatofautisha kula, kulisha na kulishwa, na tofauti hiyo inafaa kutumiwa hapa kama kipimo. Karne ya 19 ilipoendeleza upasuaji wa ulimi, kwa mfano njia ya Theodor Kocher wa Bern ya mwaka 1880 iliyoufikia ulimi kupitia chini ya taya, hofu kubwa ilikuwa damu na usaha kuingia mapafuni. Mgonjwa alilishwa kwa mrija ili jeraha lisiguswe. Chakula kilihesabiwa kuwa hatari kwa mshono, na kazi ya mrija ilikuwa kukizungusha kando.

Mrija wa kupitishwa moja kwa moja tumboni ulichukua muda mrefu zaidi. Charles Sédillot wa Strasbourg alijaribu kufungua tumbo kwa ajili ya kulisha mwaka 1849 na mgonjwa akafa. Aristide Verneuil wa Paris alifanikiwa mwaka 1876. Zaidi ya karne moja baada ya Sédillot, mwaka 1979 huko Cleveland, Ohio, Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky waliingiza mrija tumboni kwa msaada wa kamera ya kupitia kinywani bila kupasua tumbo kwa kisu kikubwa. Njia yao iliyochapishwa mwaka 1980 ilienea haraka, na imeokoa wengi wasife kwa kukonda wakati wa mionzi.

Hata hivyo, urahisi huo ulikuwa na bei yake. Misuli ya kumeza isiyotumika hudhoofika, na mgonjwa aliyeshibishwa kwa mrija hana sababu ya kupambana na tonge. Wahudumu wa saratani ya kichwa na shingo wamebishana kwa miaka mingi kuhusu nani awekewe mrija na lini uondolewe. Katika ubishi huo swali la tofauti kati ya kula na kulishwa limerudi kwa lugha ya kitaalamu.

5. Kutoka jeraha hadi tonge

Baada ya Vita Kuu ya Pili, ganzi bora, damu ya kuongezewa na viuavijasumu viliruhusu upasuaji mpana kuliko wowote uliotangulia. Mjini New York, Hayes Martin na wenzake walitoa kwa pamoja sehemu ya ulimi, sakafu ya kinywa, taya na tezi za shingo. Waliopoteza sehemu ya mbele ya taya walibaki na kidevu kilichobonyea na udenda usiozuilika. Wapasuaji walijibu kwa kujaza. Vahram Bakamjian alileta ngozi ya kifua mwaka 1965, Stephan Ariyan akaleta msuli wa kifua pamoja na ngozi yake mwaka 1979, na David Hidalgo akatumia mfupa wa mguu kujenga upya taya mwaka 1989.

Kila moja ya hatua hizi ilikuwa mafanikio ya kweli. Kwa mlaji, hata hivyo, kujazwa si sawa na kurudishiwa. Nyama ya kifua iliyoshonwa mahali pa ulimi huziba pengo na kulinda mishipa, lakini haikusanyi chakula, haionji, wala haisukumi tonge. Mara nyingine hukaa tu pale, na tonge hukaa juu yake.

Mabadiliko yenye uzito zaidi kwa suala hili hayakutoka chumba cha upasuaji. Jeri Logemann, mtaalamu wa matatizo ya usemi katika Chuo Kikuu cha Northwestern, alianza katika miaka ya 1970 kuwatazama wagonjwa wa saratani ya kinywa wakimeza chini ya eksirei ya mwendo. Badala ya kikombe kizima cha bariamu, aliwapa kiasi kidogo kilichopimwa, cha majimaji, cha uji mzito, na kipande cha biskuti kilichopakwa bariamu, akaangalia tonge linakwama wapi. Kitabu chake cha mwaka 1983 kilifanya kumeza kuwa ujuzi unaoweza kufundishwa upya. Aliyekatwa ulimi hufundishwa kuinua kidevu ili uzito wa tonge lenyewe ulirudishe nyuma, lakini kwanza ashike pumzi, ameze, akohoe kabla ya kuvuta hewa, ameze tena. Aliyedhoofika upande mmoja hugeuza kichwa upande huohuo, tonge lipite upande wenye nguvu. Hakuna kifaa katika maelekezo haya. Ni la kutafakari kwamba aliyeleta mtazamo huu alitoka katika taaluma ya usemi, ile ambayo tangu Cleveland ilikuwa ikipokea heshima iliyonyimwa chakula.

Tangu hapo upimaji umegawanyika pande mbili. Upande mmoja hupima chakula. Mfumo wa kimataifa wa IDDSI, uliotolewa katika muongo wa 2010, hupanga vinywaji na vyakula katika madaraja kutoka 0 hadi 7. Kinywaji hutiwa katika bomba la sindano la mililita 10 na kuachwa kitiririke kwa sekunde 10; kinachobaki ndicho daraja. Chakula laini hubonyezwa kwa uma hadi ukucha wa kidole gumba ubadilike kuwa mweupe, nguvu inayokaribia ile ya ulimi wakati wa kumeza. Mfumo huo unaruhusu pia kupima kwa vidole pasipo na uma, jambo lenye manufaa ya moja kwa moja kwa wauguzi wa Afrika Mashariki, ambako uji na mtori vinaweza kupangwa katika madaraja hayo jikoni bila chombo chochote isipokuwa bomba la sindano na mkono.

Upande wa pili hupima mlaji, na kipimo chake ni cha zamani zaidi. Mwaka 1990 Marcy List na wenzake walichapisha kipimo cha wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo chenye sehemu tatu: aina ya chakula, kueleweka kwa usemi, na kula mbele ya watu. Katika sehemu hii ya mwisho, anayekula popote, chochote na na yeyote hupata 100. Anayekula popote lakini akichagua chakula awapo mbele za watu, 75. Anayekula na watu maalumu mahali maalumu tu, 50. Anayekula nyumbani tu na watu maalumu, 25. Anayekula peke yake daima, 0. Mtafiti atakayekitumia kwa Kiswahili atakutana na ugumu mmoja. Penye sinia moja, kubadilisha chakula mbele za watu na kujitenga nao si ngazi mbili, kwa kuwa anayeletewa bakuli lake la uji ameshatolewa katika sinia machoni pa wote. Mstari kati ya 75 na 50 hauwezi kuchorwa pale ulipochorwa Marekani.

Kwa maelezo ya Jones, Freud wa miaka ya baada ya 1923 angepata 25 katika siku ambazo kaakaa liliingia vizuri. Nafasi ya Cleveland haiwezi kujazwa, kwani Keen aliandika kuhusu sauti.